Mkono wa Pili

Ujumbe wa Sikudhani ulikuwa na maneno saba:
Mtoto kafika. Wa kiume. Huku kuna baridi.
Miaka minne kimya, halafu saba.
Niliyahesabu kama mtu anayehesabu chenji,
nikihofia limepungua moja.
Kisha nikaenda sokoni Leicester, nikanunua sufu
ya manjano, manjano ya bizari iliyomwagika,
madonge matatu.

Aliyenifundisha kufuma ni Bi Doreen,
chumba namba tisa, pale ninapokesha na wazee.
Jina la bintiye limemtoka. La mumewe pia.
Lakini mpe sindano mbili, uone vidole
vinavyokumbuka: ingiza, zungusha, vuta, achia.
"Usikaze," huniambia.
"Kitanzi kilichokazwa hakimpitishi mwenziwe."
Mimi hukaza. Ndivyo nilivyo.

Derby nilipata kiti kinachotazama nyuma,
Uingereza ikawa inaniaga
badala ya kunipokea.
Sheffield, ukingo.
York, mgongo mdogo, upana wa daftari la shule.
Karibu na Durham treni ilikunja kona, donge likadondoka,
likaviringika chini ya viti hadi kwenye buti
za kijana anayerudi kwenye visima vya mafuta baharini.
Akalileta kwa mikono miwili, kama kifaranga.
"Unamfumia nani?"
"Mtoto wa mdogo wangu," nikasema,
na ulimi ukashtuka:
siku nyingi haujalibeba neno hilo.

Berwick niliona kosa.
Safu kumi na tisa chini, kitanzi kimeruka,
kitundu kinanikodolea kama jicho.
Ningeweza kukiziba kwa kifungo.
Kwetu sisi ni mabingwa wa vifungo:
sanduku la marehemu mama, nani alishika ufunguo,
nani hakuja arobaini,
nani alisema nini mbele ya wakwe.
Kila tundu tulilipatia kifungo chake,
tukatembea tumefungwa mpaka kooni.

Nikachomoa sindano. Nikavuta.
Kufumua kuna sauti, wengi hawajui,
kama mchele ukimiminwa kwenye ungo.
Sufu ilitoka na mawimbi yake,
bado imeshika umbo la ilikokuwa.
Kijana wa mafuta alishika kichwa: "Kazi yote hiyo!"
Nikamwambia, kufuma na kufumua ni mama mmoja, baba mmoja.
Hakuelewa. Kwa Kiingereza
hata si binamu.

Daraja la Forth, nikarudi nilipokuwa.
Dundee, shingo.
Arbroath, mkono wa kwanza, hauzidi kiganja changu.
Montrose, bahari ya kijivu ubavuni,
kondoo wameupa upepo mgongo,
sufu yao ingali yao.

Stonehaven. Dakika kumi na nane, na mkono wa pili.
Vidole vilikuwa vimepata moto,
ningeuwahi, au nusu yake.
Nilitazama saa. Nilitazama sindano.
Nikazifunga pamoja kwa uzi, nikazitia mkobani,
nikakaa nimekumbatia mkoba
mpaka taa za Aberdeen.

Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa jukwaa,
kavaa koti la mwanamume, mtoto yumo ndani, kifuani,
nywele tu zinaonekana.
Hatukulia.
"Shikamoo, dada."
"Marahaba. Umekula?"
"Wewe ndiye wa kuulizwa."
Nikatoa sweta. Akaigeuza, akaigeuza tena,
akaipitisha kidole pale penye kovu la Berwick
ambapo hapana kitu cha kuona.
"Mkono mmoja?"
"Mkono mmoja haulei mwana."
Akacheka kicheko cha mama, kile cha puani.
"Haya. Utakaa siku ngapi?"
"Mimi mzito wa kufuma, Sikudhani."