Maji Yanapandaje

Uliniuliza ukiwa na miaka saba,
kichwani kindoo cha njano kilichokatika mkono:
"Mama, maji yanapandaje mlima?"
Nikakwambia, nyamaza, utamwaga.

Nisamehe, Lukia. Sikuwa na hasira.
Sikuwa na jibu.

Sisi wa Newala tumekaa juu, maji yamekaa chini.
Bibi yako Asumini alishuka na mtungi jogoo la kwanza,
akapanda jua likiwa utosini,
na shingo yake ikazama mabegani mwaka hadi mwaka
mpaka ninyi wajukuu mkadhani alizaliwa hivyo.
Kisha wakaja watu na mabomba na injini.
Ikanguruma bondeni usiku kucha,
asubuhi bomba la sokoni likakohoa,
likatema hewa, likatema kutu, likatema maji.
Tulipiga vigelegele. Nami nilipiga.
Hakuna aliyeuliza ulichouliza wewe.

Injini ikifa, fundi anasubiriwa kutoka Mtwara mjini,
siku tatu, siku nne.
Kipuri kinatoka mbali zaidi.
Wanaume wanakaa kikao,
sisi tunashuka.
Kila ilipokufa injini ile ilifia mgongoni mwetu.
Basi mwenye mgongo asiijue injini, kwa nini?

Jana baba yako mdogo Chilumba alikuja,
akala, akanawa, akasema
hesabu za uhandisi hukausha tumbo la msichana,
bora ukasomee ushonaji, chuo kipo karibu.
Sikumjibu. Nilikuwa nabangua korosho,
na ganda ukilipuuza linakubabua.
Lakini nilikuwa nahesabu:
kilo tano na maganda yake, kilo moja nyeupe,
toa kuni, toa siku mbili, toa zilizovunjika,
gawa kwa ada ya shule.
Nimezaa watoto watano huku nahesabu.
Tumbo gani lililokauka?

Na ulipochezwa unyago, mwanangu,
mafumbo yale yote ulimeza kwa siku chache,
yenye mkia na yasiyo na mkia,
na ukiteleza neno moja unaanza upya.
Sikusikia kungwi hata mmoja akisema:
hili gumu, mwiteni kaka yake.

Umeniambia mtakuwa wasichana sita
katika darasa la watu mia.
Kaa mbele.
Ukiuliza wakacheka, uliza tena,
safari hii polepole,
ili aliyecheka alisikie swali vizuri.
Ukifeli mtihani mmoja, lia siku moja.
Siku ya pili nipigie, nitakukumbusha shingo ya bibi yako.

Sikuahidi kwamba hutaogopa.
Mimi mwenyewe naogopa:
malipo ya korosho yameingia nusu,
Dar es Salaam sina ndugu,
na mkopo wa serikali nausikia tu redioni.
Mabati niliyoyaweka ya kuezekea jiko, nimeshamwambia mnunuzi aje Jumamosi.
Jiko litavujiwa mwaka mmoja zaidi,
limezoea.

Sasa lete hiyo simu, nione.
Chaji asilimia kumi na tisa.
Chaguo la kwanza umeweka ushonaji.
Kwa mkono wako, Lukia?
Futa.
Andika kile ulichomwambia mwalimu wa fizikia,
ulichonificha mimi nikakisikia kwa mama Somoe kisimani:
uhandisi wa maji.
Andika pole, usikosee herufi.

Labda hutarudi kuishi hapa. Nimeliwaza hilo pia,
nikilala na nikiamka.
Kama utakwenda kusukuma maji ya watu wengine,
juu ya milima nisiyoijua jina,
nenda.
Ila jibu langu nitumie.
Kwa maneno nitakayoyaelewa,
na yakikataa maneno, nichoree:
hapa bonde, hapa injini,
hapa mama yako amesimama na ndoo.

Sikiliza. Bomba linakohoa.
Saa nane ya usiku, ndiyo zamu yetu.
Hapana, usinyanyuke, nitakinga mwenyewe.

Wewe jaza.