Saa Yako, Kombo

Jina langu Mwanakombo.
Bwana Wilfred Postlethwaite, fundi mstaafu wa meli,
miaka themanini na mitatu, mji wa Barrow wenye upepo,
alilimeza nusu, akatoa nusu:
Kombo.
Nikamwambia kwetu hilo ni upogo, ni kitu kisichonyooka.
Akacheka hadi mrija wa oksijeni ukamchomoka puani.
"Basi tunafaana. Nimechomelea vyuma miaka arobaini,
mstari ulionyooka sijauona."

Siku ya kwanza aliniuliza kama nitamhubiria.
Nikasema sikuajiriwa kuhubiri, nimeajiriwa kukuogesha.
"Vizuri. Mimi siamini kitu.
Nikifa nimezimika, kama taa.
Usije ukaniwashia maneno."

Nilinyamaza. Lakini usiku, ndani ya basi la mwisho,
nilimsikitikia kama anavyosikitikiwa
mtu asiye na mwavuli.
Kumbe naye, pale dirishani,
alikuwa akinisikitikia mimi
kwa kubeba mwavuli siku isiyo na mvua.
(Aliniambia baadaye. Tulikuwa hatufichani.)

Jumamosi alitaka nyama ya nguruwe.
Nilisimama jikoni na glavu mbili kila mkono,
uso nimeugeuzia ukutani,
mafuta yakinirukia kama yananijua.
Jumamosi iliyofuata nilikuta vikaango viwili vimetundikwa:
chenye mpini mwekundu, chake;
chenye mpini wa buluu kipya, bei bado imebandikwa.
Hakusema neno. Wala mimi.
Nilikaanga yai langu.

Alasiri aliijua kuliko simu yangu.
"Saa yako, Kombo,"
huku akizima sauti ya mbio za farasi,
akivuta miguu yake iliyovimba, mmoja, halafu wa pili,
nipate pa kutandika msala.
Siku moja nimesujudu, nikamsikia ananong'ona:
"Kimbia, mpumbavu wewe, kimbia!"
Nikacheka. Sala ikavunjika.
Nikaanza upya, na farasi wake akashindwa.

Ramadhani ile iliangukia Juni,
na jua la huko halijui kwenda kulala:
saa nne kasoro dakika kumi usiku, bado liko juu ya kreni.
Dawa zake zilitaka chakula saa kumi na mbili.
"Nile mbele ya mwenye njaa?
Mungu sina, Kombo. Adabu ninayo."
Tuligombana siku tatu.
Ya nne nilimkuta jikoni, mlango kaurudisha,
anakunywa supu kwa mwendo wa mwizi,
nisimwone.

Alifariki Novemba, saa tisa za usiku,
mkono wake ndani ya wangu.
Maneno yakanijaa kinywani,
yale ambayo ulimi wetu huyatoa wenyewe
kama kidole kinavyoruka moto.
Niliyauma.
Nikafanya kama alivyoagiza. Nikasema kwa sauti:
Wilfred amekufa. Ni saa tisa na dakika kumi na mbili.
Nikazima taa ya kitandani.

Bintiye Hilary alifika kabla ya mapambazuko,
msalaba mdogo shingoni, koti limefungwa vifungo visivyolingana.
"Hukumsomea chochote?"
"Alinikataza."
"Hata kimoyomoyo?"

Nikaenda kuinjika birika.

Ungejibuje? Ningesema hapana, ningemuumiza aliye hai.
Ningesema ndiyo, ningemsaliti aliyeniamini,
yeye asiyeamini kitu.
Maneno yale bado ninayo, Hilary.
Yamekaa chini ya ulimi kama kidonge kisichoyeyuka,
na sijui niyapeleke wapi.

Maji yalichemka. Kioo cha dirisha kilianza kuwa cheupe.
Sebuleni hakuna aliyeniita.
Nilingoja kidogo, kwa mazoea,
kisha nikajisemea mwenyewe,
kwa lafudhi yake, nusu ya jina:
Saa yako, Kombo.