Ramli ya Mashine Ijayo

Mashine yangu ni ya kipande kimoja:
ubongo umebandikwa mgongoni mwa kioo
kama mtoto aliyefungwa kwa leso.
Niliileta Mbale kwa bodaboda, nimeikumbatia,
mwaka ule nilipoacha kuuza mitumba Luanda.
Leo ikifungua picha ya marehemu
huanza nywele, ikapumzika,
paji la uso, ikapumzika,
na wafiwa wamesimama nyuma yangu
wakingoja macho.

Ndiyo maana naulizia ijayo.

Amugune, fundi wa simu wa mlango wa pili,
hupiga ramli kwa bisibisi.
"Safari hii chipu ni mpya kabisa, Kageha.
Viini kumi na viwili. Feni hutaisikia.
Kioo kitafika ukingoni pande zote
kama ugali uliofunika sahani."
Kesho yake amesikia ni vinane tu.
Keshokutwa, kumi na sita.
Viini hivi ni kama waombolezaji:
chungu kikiinjikwa ni wengi,
kaburi likichimbwa ni wanne.

Mimi nina daftari.
Ukurasa wa kushoto tetesi, wa kulia bei.
Tetesi ikinenepa, akiba yangu inakonda.
Subira huvuta heri, aliniambia mwekahazina wa chama.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, aliniambia yeye yule,
siku nilipochelewa kulipa.

Mwalimu Kisia anataka kamera inayomfuata mtu
akitembea darasani. Haya.
Binti yake anataka rangi ya waridi.
Mimi nilitaka tundu la waya mbele, si nyuma,
nisigeuze mashine nzima kama mgonjwa
kila mteja anapokuja na kidude chake cha picha.
Amugune akacheka: matundu wanayaziba,
hawayaongezi.

Kisha akashusha sauti
kama mtu anayetoa majibu ya hospitali.
"Na kumbukumbu wanailehemu ubaoni.
Utakayonunua siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo.
Huongezi."

Hilo sikuliandika. Lilinikaa.
Hii ya sasa niliifungua kifuniko mwenyewe, kwa sarafu,
nikaipachika kijiti cha gigabaiti nne
kilichotolewa kwenye mashine ya shule iliyonyeshewa,
ikapata miaka mitatu zaidi.
Na kazi yangu yote ni kuongeza.
Tanzia imekwisha, imepigwa chapa mara moja,
halafu shangazi anashuka kutoka Kitale
na jina la utoto ambalo hakuna aliyelijua,
na mtoto wa nje anayeomba, kwa upole, mstari mmoja.
Tunafungua ukurasa. Tunasogeza.
Nani alipima, siku ya kwanza,
mtu atakumbukwa kiasi gani?

Saa kumi jioni wingu linatoka upande wa Kakamega,
jeusi, bila haraka, linajua njia.
Mabati yanaanza kunong'ona.
Naandika mbio: alizaliwa, alibatizwa,
alifanya kazi reli, alioa, alipanda chai, alistaafu...
Radi.
Stima.
Kioo cheusi, na ndani yake uso wangu
na wa mjane begani mwangu.

Miezi yote hii ya ramli,
viini, rangi, wembamba wa kioo kama kisu,
hakuna aliyetaja betri.
Siombi ya kubeba safarini; siendi nayo popote.
Dakika tano tu ndani ya tumbo lake,
izime kama mtu aliyepata nafasi ya kuaga.
"Hiyo si tetesi," anasema Amugune gizani,
"hiyo ni ndoto yako."
Naiandika hata hivyo, kwa mwanga wa simu yake,
ukurasa wa kushoto.
Kulia naacha wazi.

Stima inarudi karibu na magharibi.
Mashine inakohoa, inaonyesha nembo, inapumzika.
"Tulikuwa tumefika wapi?" namuuliza mjane,
nikitafuta nilichohifadhi.
Anainama, anasoma kioo, polepole.
"Alizaliwa," anasema.