Daftari la Tokuzo

Tokuzo ana michenza mia tatu
kwenye mteremko wa Ehime, juu ya bahari,
na haruhusiwi chenza hata moja.
Potasiamu, alisema muuguzi, akijigusa kifua:
ikizidi, moyo husahau hesabu.

Sasa maji anayapima kwa kikombe cha chai,
anaandika: asubuhi, nusu. Dawa, funda moja.
Supu ya Fumie, nilionja tu.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
damu yake hutoka kwenda kuoshwa, hurudi
imepungua chumvi, imepoa ukali,
naye hubaki hoi hadi magharibi.

Miaka sitini na minane
figo mbili, kila moja kama ngumi yake,
zilifanya kazi hii gizani bila kalamu:
hiki kibaki, kile kitoke,
chumvi hii irudi, tindikali ile ishuke na mkojo.
Yeye amelala. Yeye amelewa
kwenye arusi za watu.
Hakuwahi kuuliza.

Leo wanavuna. Fumie anamenya moja,
anamsogezea kipande puani.
Ananusa, muda mrefu.

"Niandike?"
"Andika. Harufu: kipande kimoja."