Daftari la Yerusalemu

Miaka minne tulichanga, elfu mbili kila Jumapili.
Mimi ndiye mweka hazina, daftari linalala kwangu
nyuma ya pipa la unga. Panya wamelitafuna pembeni,
tarakimu zimesalimika.
Yerusalemu, tulisema. Bethlehemu. Mto Yordani.
Hadi wakala alipotutajia nauli ya mtu mmoja,
na Jumuiya ya Mtakatifu Veronika, Msata,
ikanyamaza kama iliyopigwa kofi.

Katekista Bonaventura akakohoa:
"Basi twendeni Bagamoyo. Ramani ninayo."
Ramani yenyewe mgongo wa kalenda ya mwaka juzi,
kalamu nyekundu,
majina ya Biblia juu ya majina ya kwetu.

Ruvu kaiandika Yordani.
Tulishuka darajani, Fridolina akavua viatu,
anataka kuchovya miguu tu, miguu tu.
Mlinzi wa daraja akamtazama kwa huruma:
"Mama, mamba wa humu hajabatizwa."
Akavaa viatu.

Misheni ya zamani, makaburini,
ramani ilisema Golgotha.
Tukasoma misalaba kwa sauti: huyu miaka ishirini na mitatu,
huyu ishirini na saba, homa, homa,
watoto wa watu waliovuka maji wasirudi.
Nilitafuta majina ya waliokombolewa minyororoni.
Sikuyaona. Huenda sikutazama vizuri,
jua lilikuwa machoni.
Bonaventura akatema mate kidoleni, akafuta Golgotha.
"Hapa pana jina lake," akasema,
wala hakulitaja.

Kisima cha Samaria kilikuwa nyuma ya nyumba za watu.
Bi Mwanamvua alikuwa anafua.
Katekista akajiweka sawa, sauti ya altareni:
"Mama, nipe maji ninywe."
"Kunywa baba, ila ndoo uvute mwenyewe,
mie kiuno."
Alikuwa na hotuba nzima ya wale waume watano.
Akaimeza pamoja na maji.
Maji matamu, ajabu, na bahari iko pale pale.
Bi Mwanamvua akatuuliza tumetoka wapi,
na kama huko kwetu mvua imenyesha.

Sasa niseme habari ya mstari wa kumi na saba.
Anatolia. Elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili,
mpaka wiki ya tatu ya Kwaresima,
kisha mstari wangu wa rula.
Tulipompelekea mumewe fedha zake, Mzee Kornelio alikataa kuzipokea:
"Nauli hairudishwi. Msafiri bado yumo."

Jua la saa tisa, mashamba ya chumvi,
weupe unaochoma macho.
Shomari, kijana mwenye buti za mpira, aliegemea reki yake.
"Bahari ya Chumvi ndiyo hii?"
"Bahari ile kule, chumvi hii hapa.
Mnataka kilo ngapi?"
Tukacheka sote, isipokuwa mmoja.
Kornelio alitoa mfukoni bahasha ya mchango,
ile ya jumuiya, jina la mkewe kwa mwandiko wangu,
akachuchumaa, goti likalia,
akaijaza chumvi kidogo kidogo kwa vidole vitatu.
Akalamba gundi. Akafunga.
Hakuna aliyemtaja mke wa Lutu,
ingawa kwenye ramani yumo.
Shomari alikataa kulipwa.

Njia nzima ya kurudi waligombania salio.
Fridolina anataka sufuria kubwa ya misiba,
Bonaventura anasema tuanze kuchanga upya,
safari hii Yerusalemu ya kweli,
kana kwamba nyingine tulikotoka ni ya uongo.

Usiku huu nimewasha taa, nafunga hesabu.
Usafiri, umelipwa. Chakula, kimelipwa.
Salio: elfu kumi na moja na mia nne.
Mstari wa kumi na saba nimeufuta kwa wembe,
taratibu, karatasi isitoboke.
Imetoboka kidogo.
Pembeni nimeandika: amekwenda, amerudi,
na panya wakitaka, na wale hapo.