Daftari la Makonyo

Nimeshika hesabu za kakangu miaka kumi na tisa
katika daftari la skuli lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Ukurasa wa kwanza: kompyuta moja, kuukuu, laki nne,
jasho la misimu miwili ya karafuu kule Mzambarauni,
na goti lililoteguka, ambalo sikuliandika.

Wete walimjua Faki Haroub kwa mafriji.
Mchana kutwa anajaza gesi, anafungua kompresa.
Usiku anaziba dirisha kwa godoro
anatengeneza transi:
mapigo mia na thelathini na nane kwa dakika,
kiki kavu, besi inayobiringika chini yake,
na juu sauti moja nyembamba inapanda, inapanda,
kama birika linalokaribia kutokota.

Shangazi Mize, aliyewahi kuchezewa ngoma siku saba,
alisimama mlangoni, kanga begani, akasikiliza.
"Huyu pepo wako," akauliza, "hajasema anataka nini?
Wangu alitaka halua, marashi na kilemba chekundu.
Akapewa, akakaa kitako."
Faki alicheka. Lakini orodha ninayo hapa:
waya, mita kumi. Spika, jozi. Kadi ya sauti kutoka Dubai,
iliyokwama forodhani wiki tano.
Wake hakukaa kitako.

Ile sehemu iliyompa jina hakuivumbua, aliletewa.
Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatika kama mchezo.
Yumo katikati ya kazi, pap: giza.
Friji za mtaa mzima zikanyamaza pamoja.
Akabaki na vipokea sauti masikioni, hakuna kitu
ila pumzi yake, ila mbu.
Kisha taa, na watoto kutoka Limbani hadi bandarini
wakapiga ukelele mmoja: "Umerudiii!"

Akalitia lile giza ndani ya muziki.
Dakika ya tano ngoma inaondoka.
Haipungui. Inaondoka.
Inakuacha mguu hewani,
mpaka uone haya kwa unavyoitaka.
Ndipo inarudi.

Nilipomuuliza jina la lebo, akasema: Makonyo.
Nani atanunua makonyo, nikasema.
"Karafuu zina wenyewe," akanijibu. "Sisi tumebakiwa na vikonyo.
Navyo vikipikwa vinatoa mafuta."
Hilo pia sikuliandika. Niliandika: muhuri wa mpira, elfu nane.

Makonyo 1: diski hamsini, zimeuzwa saba, tatu nimenunua mimi.
Makonyo 4: imepigwa redioni Ufini. Dola arubaini na tatu,
benki imekula kumi na tano.
Makonyo 6, ya mwanafunzi wake Hamad Shaame, ilizipita zote,
na Hamad akahamia Unguja bila kuaga.
Alilipwa mpaka senti ya mwisho. Risiti hii hapa.

Usiku mmoja Faki aliitwa Paje.
Wageni walicheza pekupeku hadi alfajiri,
naye kakaa nyuma, karibu na jenereta, akihofia dizeli.
Ilipofika dakika ya tano, mlevi mmoja akapiga kelele
kwamba spika zimekufa.
Amelisimulia hilo miaka na miaka.
Ndiyo sifa pekee aliyoipokea bila kuinamisha kichwa.

Sikio la kushoto lilimwacha mwaka juzi.
Daktari alimchorea mstari unaoshuka.
Akautazama sana, akasema: "Mteremko mzuri."

Jana alikuja msichana wa Kengeja, Kazija,
na flashi ndani ya bahasha ya mtihani.
Kakangu hakuvaa vipokea sauti. Alibandika kiganja kwenye spika
kama anavyopima friji inayokataa kugandisha.
Dakika ya sita akasema:
"Kimya chako kifupi. Unaogopa watakukimbia.
Waache wakimbie."
"Na wasiporudi?"
Hakujibu. Msichana alikuwa upande wa kushoto.

Nimeandika: Makonyo 12.
Safu ya mapato nimeiacha wazi,
nikapuliza wino ukauke.