Sogea Kidogo Kulia

Upepo wa pampero hutoka kusini, haupigi hodi.
Siku ile ulitukuta barabara ya ufukweni, Montevideo,
tuko hewani, bei ya nyama imepanda,
na Zulma Etchegoyen yumo katikati ya sentensi.
Ukamvua wigi.
Nililiona kupitia lenzi likibingirika juu ya lami
kama paka aliyeitwa na mtu mwingine,
na kichwa kikabaki, cheupe, kidogo,
mbele ya nchi nzima iliyokuwa mezani.

Ningeweza kuigeuza kamera. Mto ulikuwepo,
mpana, rangi ya chai ya maziwa, ungefaa.
Akanitazama: thubutu.
Kisha akawaambia watu,
"Zilikuwa za kuazima. Mwenyewe kaja kuzidai,"
akarudi kwenye bei ya nyama.

Saratani, kwa wanajimu, ni nyota ya kaa.
Basi akamwambia: kaa.
Kaa hapo, kiti kipo,
usiniguse kabla ya taarifa ya saa moja.
Kaa hakukaa.
Alitoka titini akatambaa kwapani,
akapita mbavu, akaingia kwenye ini
kama mpangaji mwenye ufunguo wake.

Garini tulikuwa na ndoo ya bluu
kati ya miguu mitatu ya kamera na kibuyu chake cha chai chungu.
Alitapika Jumanne zote za Agosti.
Akijifuta, huuliza, "Nina midomo?"
Unayo.
Huipaka rangi, nyekundu, bila kioo,
akashuka kwenda kumsikiliza mama wa kule Cerro
ambaye paa lake limechukuliwa na mvua.
Mama yule alimshika mashavu, akamwita shujaa.
Njia nzima ya kurudi alinuna.
"Shujaa ana hiari," alisema. "Mimi nina miadi,
Alhamisi, saa mbili asubuhi, kitanda cha dirishani nikiwahi."

Maikrofoni alitaka ibanwe kushoto.
"Huku ni tambarare sasa, nguo haitakwaruza."
Vidole vyangu vilitetemeka. Vyake havikutetemeka.

Na yule waziri!
Aliulizwa habari ya mashine ya mionzi kaskazini,
iliyolala chini ya turubai miezi tisa,
akainamisha kichwa, akalainisha sauti:
"Zulma mpenzi, kwanza wewe, afya yako inaendeleaje?"
"Afya yangu imesafiri kilomita sifuri, bwana.
Ya mwalimu wa Tacuarembó husafiri mia nne,
kwa basi, na ndoo yake.
Nijibu ya kwake."
Akanyamaza. Naye akanyamaza.
Niliuacha ukimya ule uende, sekunde kumi na tisa,
mhariri akipiga kelele sikioni mwangu.

Sitasema hakuogopa.
Usiku mmoja tukirudi kutoka Salto, kwenye mafuriko,
alizima redio akaniomba nimhesabie nguzo za umeme.
Nilihesabu hadi mia sita na kitu.
Hakulala. Alishika mlango wa gari
kana kwamba ndio uliomshika yeye.

Alifariki Februari, wiki ya kanivali.
Ngoma zilipita chini ya dirisha la hospitali
na dada yake, Nélida, akataka kulifunga.
Alitikisa kidole: hapana.
Hilo sikulipiga picha.

Watu hunitumia ujumbe, wanataka ile ya wigi.
Mimi nimeweka nyingine, haikuwahi kurushwa:
anasubiri studio imwite, anakuna sikio,
anakagua meno kwa ulimi,
anauliza, "Nimekaaje?"
Na sauti yangu, nyuma ya kamera, ya mpumbavu kabisa:
"Sogea kidogo kulia."
Anasogea.

Miaka kumi na minne, hilo ndilo nililomjibu.

Sasa nafanya kazi na Florencia, kijana, ana bidii.
Amemzidi Zulma kiganja kizima kwa urefu,
nami bado nafunga kamera pale pale, mkono wenyewe unafunga.
Mara mbili wiki hii
nimemkata kichwa.